Kunguni wa Gesti ya Tulia

Kila siku akitoka shule, Vestina alivua sare, akafagia vyumba vya gesti ya baba yake, akajaza maji bafuni, kisha akakimbilia stendi ya Kibondo kusubiri basi la kutoka Kasulu. Kazi yake pale ilikuwa kuwaamkia abiria na kuwaambia kwamba kwa Mzee Marselino kuna shuka safi na maji ya moto. Lakini kabla hajamaliza salamu, Stanislaus alikuwa keshabeba mabegi yao.

Stanislaus alikuwa dalali wa wageni. Hakuwa na gesti wala kitanda cha ziada, ila miaka ile ya tisini, watu wa mashirika ya wakimbizi walipojaa mjini, ilikuwa shida mgeni kulala Kibondo bila kupita mikononi mwake. Ilisemwa kwamba alinusa vumbi la basi likiwa bado Makere, na kwamba siku moja alimbeba abiria aliyesinzia pamoja na kiti chake, mtu akaja kuzinduka yuko mapokezi. Wageni aliwapeleka kwa mwenye gesti aliyemkatia chake. Mama Kuruthumu wa gesti ya Tulia alimkatia. Mzee Marselino alikataa katakata, akasema hawezi kumlipa mtu ili akaribishiwe mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Basi Tulia ikajaa, na kwa Marselino wakalala mbu.

Jumatatu moja Stanislaus alimwona Vestina amesimama peke yake, akamwita binti wa gesti ya mbu. Stendi nzima ikacheka. Vestina alisikia masikio yanawaka. Mama mmoja mwenye mkoba alikuwa ameshaanza kumfuata dalali, na Vestina akamvuta kitenge.

"Mama, usiende Tulia. Kuna kunguni wakubwa kama maharage."

Yule mama akarudisha mguu. Jioni hiyo alilala kwa Mzee Marselino, na Vestina akakaangiwa yai kwa kuchangamkia wageni. Yai lilikuwa tamu. Kesho yake akayarudia maneno yale yale, na keshokutwa pia.

Tatizo ni kwamba uongo ule ulipanda basi. Hamis, dereva, alikuwa na ulimi mrefu kuliko barabara yake. Basi lilipofika Makere, kunguni walikuwa wameshakuwa kama mende. Lilipoingia Kasulu, walikuwa wamembeba bwana mmoja wa bima mpaka uani, wakarudi kuchukua na godoro. Haikuchukua muda, Tulia ikawa haina hata mgeni mmoja. Stanislaus naye akahamishia mabegi kwenye gesti nyingine bila hata kuaga.

Jumamosi asubuhi Mama Kuruthumu alibisha hodi kwa Marselino. Aliomba aazimwe Vestina, kwa kuwa mtoto ana macho makali. Uani kwake vitanda vyote vilikuwa nje, vimefunguliwa vipande vipande, na magodoro yameanikwa juani. Mama Kuruthumu alimimina maji yanayochemka kwenye kila kiungo cha mbao, naye Vestina alichokonoa nyufa kwa kijiti, akiwatafuta wadudu aliowazaa kwa mdomo wake mwenyewe.

"Nimelala kila chumba, mwanangu, hawaniumi," alisema Mama Kuruthumu. Mikono yake ilikuwa imevimba kwa maji moto na sabuni. "Labda wananionea haya. Nisipowapata mwezi huu, nafunga mlango, narudi kwa kaka yangu Kasulu."

Mchana alimpakulia Vestina ugali wa muhogo na maharage. Vestina aliyatazama yale maharage, nayo yakawa kama yanamtazama. Akalirudisha tonge sahanini. Mama Kuruthumu alimaliza kula, akanawa, akainua tena birika.

"Acha, mama," Vestina akasema. "Hawapo. Niliwatunga mimi."

Mama Kuruthumu aliweka birika chini taratibu. Hakumpiga wala hakumgombeza, na hilo ndilo lililomliza Vestina. Alijifunga tu kanga yake vizuri, akamshika mkono, wakaenda kwa baba.

Mzee Marselino aliposikia, alishindwa kumtazama jirani yake usoni. Aliomba radhi, akasema uongo ule na yeye ameula, maana wageni wale aliwapokea. Jioni akampeleka Vestina stendi. Mbele ya Hamis na abiria wote, Vestina akasema alidanganya. Wakaangua kicheko. Mmoja akadai kwamba mtoto amehongwa pipi.

"Binti, hao kunguni nimewalisha mwenyewe mpaka wakanenepa," Hamis akamwambia. "Huwezi kuwaua kwa neno moja."

"Basi leo lala Tulia," Mzee Marselino akamjibu. "Shuka atakufulia huyu."

Asubuhi Hamis alivua shati stendi, akageuza mgongo abiria wauone. Haukuwa na hata alama ya mbu. Akaapa kwamba alilala usingizi mzito hadi basi likamfuata lenyewe dirishani na kumpigia honi. Habari hiyo nayo ikasafiri hadi Kasulu, na wageni wakaanza kurudi kidogo kidogo.

Mama Kuruthumu na Mzee Marselino walikubaliana kuwapokea wageni wao wenyewe, na mmoja akijaza, amsindikize mgeni kwa mwenzake. Stanislaus akageukia kubeba magunia. Hata hivyo, miezi mingi baadaye bado alitokea abiria wa kuuliza kuhusu wale kunguni, na kila mara Vestina alilazimika kuinamisha kichwa na kusema, "Nilidanganya mimi." Siku moja Mama Kuruthumu, aliyekuwa karibu, alimsikia. Akamweka mkono begani.

"Stanislaus alichukua wageni wenu, mwanangu, na mgeni akienda kesho huja mwingine," alisema. "Wewe ulichukua jina langu, ukalitupa barabarani. Mwenzako akikushinda biashara, fua shuka zako zing'ae zaidi, sifia kitanda chako mpaka ukauke koo, lakini usitie wadudu kitanda cha mwenzako. Kulisema neno ulitumia pumzi moja. Ona unavyohangaika kulikusanya."