Alama ya Drimín

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, Sorcha Gilrane alisimama kwenye lango la malisho akiwatazama ng'ombe. Kazi yake ilikuwa kumtambua aliyeingia joto, yaani aliye tayari kwa dume, anayetulia huku akipandwa na wenzake, kisha amwambie baba. Ilikuwa katikati ya Mei. Ng'ombe kumi na wanne walikuwa wameshaingia joto na kukutana na dume. Alibaki Drimín peke yake, ng'ombe mweusi mwenye mstari mweupe mgongoni, ambaye Sorcha aliachiwa na marehemu bibi yake.

"Bado?" aliuliza Ruairí, kaka yake, mdomo umejaa mkate.

"Bado."

"Huyo ajuza wako ameshastaafu. Mletee kiti akae."

"Mletee wewe, si unajua sana kukaa," Sorcha alimjibu.

Jioni hiyo, wakila viazi, baba yao, Fintan, aliweka uma chini. "Ijumaa lori litamchukua Drimín."

"Kwenda wapi, baba?" Sorcha aliuliza, ingawa alijua.

"Kuchinjwa, mwanangu. Leo siku sitini na tano tangu azae, na hana dalili. Ng'ombe wa nyama asipozaa kila mwaka, tunamfugia nini? Kama ingekuwa ni njaa, ningemvumilia. Lakini wewe mwenyewe ulimpima Novemba ukaandika tatu. Aliyeanza majira ya baridi na mwili mzuri hivyo, kisha asiingie joto, basi kizazi chake kina ugonjwa."

Sorcha alirudisha kiazi sahanini. Novemba, ng'ombe walipoingizwa bandani, baba alimwambia amshike kila mmoja mbavuni na kwenye shina la mkia, ampe alama: moja kwa aliyebaki mifupa, tano kwa aliyenona kupita kiasi. Wembamba wangetengwa na kuongezewa chakula. Siku hiyo mvua ilinyesha, vidole viliganda, na wenzake walikuwa wakimngoja uwanjani. Akaegemea lango, akawaona ng'ombe wote wamenenepa kwa manyoya mazito ya baridi, akaandika tatu mara kumi na tano.

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Baba alikuwa amemsifu kwa majirani kwa ile kazi, na sasa aibu ilimchoma mashavuni. Lakini Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

"Baba, sikumshika," alisema. "Sikumshika hata mmoja. Niliwatazama tu kutoka langoni, nikaandika."

Ruairí aliacha kutafuna. Baba aliinuka. "Vaa koti."

Malishoni aliushika mkono wa binti yake, akauweka juu ya mbavu za Drimín. "Bonyeza. Unahisi nini?"

"Mifupa, baba."

"Na nyama?"

"Hakuna."

"Hiyo ni moja na nusu. Basi alianza majira ya baridi akiwa mwembamba, na wale wakubwa wakamsukuma mbali na hori kila siku. Nami nilimwona amekonda, nikasema ni kwa kunyonyesha tu, kwa kuwa niliiamini karatasi yako." Alishusha pumzi. "Nimekasirika, Sorcha, sikufichi. Mwili wa ng'ombe una zamu zake. Kwanza aishi, halafu amnyonyeshe ndama. Kikibaki kitu, ndipo mimba. Huyu hana kilichobaki. Haumwi, ana njaa."

"Kwa hiyo lori?"

"Lori litasubiri wiki nne. Kazi ni yako."

Drimín alihamishiwa kwenye majani mazuri kuliko yote, na kila siku akapata ndoo ya nafaka iliyosagwa. Ndama wake alifungiwa zizini, akaruhusiwa kunyonya asubuhi na jioni tu, kwa sababu kunyonywa kutwa nzima nako humchelewesha mama kuingia joto. Sorcha aliamka mapema kila siku kumfungulia. Ndama alilia siku tatu mfululizo.

"Anakushtaki kwa kijiji kizima," Ruairí alimtania, lakini ndoo alimsaidia kubeba.

Siku ya kumi na tisa, Sorcha alifika langoni akamkuta Drimín ametulia tuli, ng'ombe mwenzake amempanda mgongoni. Basi la shule lilimwacha siku hiyo, wala hakujali. Alikimbia kumwita baba alete dume.

Mwezi wa Agosti, daktari wa mifugo, Bi Attracta, alimpima Drimín kwa mashine ya kuonyesha mimba, akatazama kioo chake na kutabasamu. "Yumo. Moyo unadunda vizuri."

Sorcha alilia kwa furaha mbele yao wote. Baba alimwekea mkono begani.

"Chakula kimefanya kazi yake," alisema, "lakini bila ukweli wako, nisingejua kuwa ana njaa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu ndama, mwanangu, alianza siku ile ulipofungua mdomo mezani."