Kafi la Nzabandora

Jumamosi, saa kumi na moja na nusu ya jioni, Nyirabagenzi aliacha maharagwe yachemke peke yake, akafunga kitenge kiunoni mafundo mawili, akashuka kilima kwenda ziwani. Hasira ilikuwa mbele. Yeye alikuwa nyuma, anajaribu kuifikia.

Alikuwa anaenda kuchukua kafi la bwana wake. Kitu kimoja tu. Alichukue, alirudishe mahali pake, apande nyumbani kabla maharagwe hayajaungua.

Watu wa Kashovu, hili ziwa dogo lililojibanza kati ya malisho ya Masisi, wanazika kwa namna mbili. Aliyekufa kitandani anapelekwa parokiani na kwaya, na hotuba ndefu za watu ambao hawakumpenda. Aliyekufa maji anazikwa ukingoni, palepale ziwa lilipomtoa, na kafi lake linasimikwa kichwani, mpini chini, upana juu. Linakaa hapo mpaka lioze lenyewe. Halirudi majini hata siku moja. Katekista anajua desturi ile. Kila siku ya kusimika kafi huwa anakumbuka kwamba ameacha kitu nyumbani.

Sababu yake Nyirabagenzi aliambiwa na mama mkwe, zamani, wakimenya mihogo. Yule mtu alitoka kwenda mahali na hakufika. Ukimrudishia kafi lake, atataka kumaliza safari.

Makaburi pale ukingoni yalikuwa sita. La sita lilikuwa la Nzabandora, mume wake, mwaka wa tatu sasa. Na asubuhi hiyo Godelieve, jirani, alirudi kuteka maji na ndoo nusu na macho mazima: shemeji yako ameng'oa makafi yote sita.

Shemeji huyo ni Sebarenzi, mdogo wake marehemu. Tangu barabara itulie kidogo, jeep za Goma zilikuwa zinapita Mubambiro, zinapita Sake, zinapanda huku kwenye majani mabichi kila Jumamosi. Watu wanashuka, wanakula jibini, wanapiga picha na ng'ombe kama vile ng'ombe ni waziri. Sebarenzi aliona. Akaleta mchanga wa mtoni kwa lori, akajenga vibanda vitano vya majani, akafunga muziki, akaandika kwenye ubao: PLAGE, yaani ufukwe kwa Kifaransa. Mchanga ule aliumwaga wapi? Ukingoni. Juu ya watu.

Nzabandora alipokuwa hai alikataa jambo hilo. Ile karatasi ya shamba la ukingoni ilitaka saini za ndugu wawili, na kwa miaka minne ilikuwa na moja. Kisha jioni moja ndugu wawili walivuka ziwa pamoja kwenda kuangalia mbuzi, na akarudi mmoja. Sebarenzi alisema upepo uligeuza mtumbwi. Nzabandora, aliyeogelea kama fisi maji tangu utoto, alizama. Sebarenzi, ambaye hata akinawa miguu anashika majani kwanza, alifika salama. Na mkononi alikuwa ameshika kafi la kaka yake.

Siku ya maziko Nyirabagenzi aliliangalia kafi lile vizuri. Upana wake ulikuwa na ufa mpya pembeni, mweupe kama jino. Angemwambia nani, na angesema nini? Alinyamaza, akaweka hasira juu ya moto mdogo, na kwa miaka mitatu hakuiteremsha.

Sasa alifika chini. Muziki ulikuwa unapiga mpaka bata wamehama. Moshi wa mbuzi choma, chupa, wageni wanaovulia viatu ndani ya jeep. Na pale kwenye ukuta wa baa, yameegemezwa kwa mstari, makafi. Yamepigwa msasa. Yamepakwa rangi ya njano. Yameandikwa namba.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Sebarenzi akatoka nyuma ya baa na kofia nyeupe na kaptula yenye picha za minazi. Minazi, huku Masisi, ambako mnazi haujawahi kupanda hata kwa jeep. Alifungua mikono kama mtu anayekaribisha harusi.

"Mama Solange, karibu. Ukae, ukule kwanza."

"Kafi ya bwana yangu iko wapi?"

Sebarenzi alicheka, akawatazama wageni ili nao wacheke. Akaeleza kwa sauti ya duka kwamba fundi anaomba wiki mbili kuchonga kafi moja, na bageni hawangoji wiki mbili, na pale kulikuwa na mbao kavu nzuri zinasimama bure, hazifanyi kazi.

"Muti ni muti, shemeji. Benyewe hawaitumie tena."

"Namba sita iko wapi?"

"Iko kazini."

"Na nani?"

Hapo Sebarenzi akaangalia glasi yake, akaizungusha, kana kwamba jibu limezama ndani. Nyirabagenzi akamngoja. Jibu likatoka dogo: wageni wawili, bwana na bibi harusi wa Goma, walitaka kuona jua likizama katikati ya ziwa. Aliyewapeleka ni Solange.

Solange, binti yake wa pekee, miaka kumi na tisa. Solange aliyeaga mchana kwamba anaenda mazoezi ya kwaya. Nyirabagenzi alisimama pale akiwa na hasira mbili, na hajui aanze na ipi. Akachagua iliyo karibu. Alimshika shemeji yake kola, akamwambia polepole, ili kila neno lifike, kwamba ikiwa mtoto hajagusa mchanga huu kabla ya giza, atamzika yeye hapo chini ya ubao wake, na kofia yake, na minazi yake.

Wageni walidhani ni sehemu ya starehe. Mmoja alitoa simu kupiga video.

Ndipo ukungu ukashuka. Kashovu ukungu hauji. Unamwagika kutoka kilimani kama maziwa yaliyopita moto. Dakika moja unaona ng'ambo, dakika nyingine huoni mguu wako. Jenereta ikakohoa mara mbili. Ikanyamaza. Muziki ukakatika katikati ya neno.

Kimya.

Kisha, mbali, juu ya maji...

Cho. Cho. Cho.

Ko.

Nyirabagenzi aliiachia kola.

Cho. Cho. Cho.

Ko.

Kila mpiga kafi ana mwendo wake. Huu ulikuwa wa mtu mmoja tu. Mapigo matatu marefu, halafu mpini unagonga ubavu wa mtumbwi mara moja kukung'uta maji. Kwa miaka ishirini Nyirabagenzi alikaa jikoni akingoja ile ko. Akiisikia anamimina unga, na bugali inaiva mume wake akiingia mlangoni.

"Solange anajua kupiga kama baba yake," Sebarenzi alisema. Hakuna aliyemwuliza.

"Nzabandora hakumuachiaka kushika kafi hata siku moja."

Harufu ikaja kabla ya mtumbwi. Tope la chini kabisa, lile lisiloona jua. Na juu ya tope, tumbako ya kiko. Nyirabagenzi alikuwa amekivunja kiko kile kwa mikono yake, akakiweka ndani ya sanduku pamoja naye.

Sauti haikukaribia. Ilikuwa inazunguka. Kushoto... katikati... kulia. Halafu sauti ya msichana, chini chini, maji yakiisukuma mpaka ukingoni.

"Mama... haiko miye niko napiga."

Bibi harusi alikuwa analia mahali fulani ndani ya weupe. Bwana harusi alikuwa anasali rozari, anaruka mafumbo.

Nyirabagenzi akavua viatu, akaingia majini mpaka magotini. Maji yalikuwa na vuguvugu baya, kama mate. Woga ulikuwepo, lakini ulikuta nafasi yote imeshachukuliwa.

"Nzabandora," aliita, kwa ile sauti ya kumwita mume aliyekaa sana kwenye pombe. "Miaka tatu hujanikuyia hata mu ndoto. Leo unakuya, unanichukulia mutoto? Njo malipo ya bugali yangu? Umurudishe."

Mapigo yakasimama.

Moja tu, mbali. Ko.

Kisha yakaja moja kwa moja, kwa nguvu, na pua ya mtumbwi ikapasua ukungu.

Wageni walikuwa wamelala chini, wamekumbatiana. Nyuma kabisa amekaa Solange, mgongo wima, macho yamefunguka mno, machozi yanatiririka. Mikono yake ilikuwa inapiga kafi la njano. Mikono tu. Mwili uliobaki ulikuwa unajaribu kuwa mbali nayo. Ngozi ya viganja ilikuwa imechanika na mpini umelowa wekundu, na bado mikono inavuta, mabega ya msichana yanavuta kama mabega ya mwanaume.

Urefu wa watu wawili kutoka ukingoni, mtumbwi ukasimama. Haukuelea. Ulisimama, kama mbwa aliyeambiwa. Pua yake haikumwelekea Nyirabagenzi. Ilipita kando yake, ikamwelekea Sebarenzi.

Solange akasema, meno yanagongana:

"Papa mudogo... anasema upande. Anasema hamukufika."

Hapo ndipo kofia nyeupe ilipoanguka. Sebarenzi alirudi nyuma hatua moja, mbili, akajigonga kwenye makafi matano, yakaporomoka juu yake kwa kelele. Nyirabagenzi aligeuka ndani ya maji akamtazama. Miaka mitatu yote alikuwa ameiandaa hotuba, ndefu, yenye matusi mazuri. Iliyotoka ilikuwa fupi.

"Sema. Mutoto wangu anatoka damu. Sema."

"Alikataa saini," Sebarenzi alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Nilimuomba vizuri. Mu katikati ya ziwa, nikamuomba tena. Akacheka. Miye nilipiga mara moja tu... Mara moja, Mama Solange. Kisha akashika mutumbwi, nikaona atapanda..."

Hakumaliza. Hakuhitaji.

Mikono ya Solange ikafunguka. Kafi likaanguka majini, na mtumbwi ukawa mbao tupu tena, ukateleza mpaka kwenye mchanga. Nyirabagenzi alimtoa binti yake kama anavyotolewa ndama, kwa kuvuta na kutukana. Bwana harusi alimruka bibi harusi, akakimbilia jeep. Ndoa ile sijui iliendeleaje.

Kafi halikuelea. Lilikuwa limesimama majini, upana juu, bila kitu cha kulishika. Ufa unatazama ukingoni.

"Enda uilete," Nyirabagenzi alimwambia shemeji yake. "Uirudishe kwenye kichwa yake na mukono yako mwenyewe. Kisha tutaenda kwa chefu wa kijiji."

Maji pale hayafiki kiunoni. Watoto wa wageni walikuwa wanacheza hapo mchana na maboya. Sebarenzi alitazama huku, akatazama kule. Watu wote walikuwa wamesikia, na hakukuwa na uso hata mmoja wa kujifichia. Akaingia. Magoti. Mapaja. Akanyoosha mkono, akalishika kafi.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo wanalosimulia wote waliokuwapo. Aligeuza kichwa tu, akawatazama kama mtu anayeshikwa mkono na mgonjwa anayemjua, hajui namna ya kujitoa kwa heshima. Kisha akaanza kutembea kwenda mbele. Kiuno. Kifua. Vidole vyeupe kwenye mpini. Ukungu ukamfunika kichwa kabla ya maji.

Nyirabagenzi angeweza kumwita. Alikuwa na pumzi, na alikuwa karibu. Alifunga mdomo.

Cho. Cho. Cho.

Ko.

Inaenda mbali. Mbali zaidi. Safari iliyokatizwa, inaendelea.

Sebarenzi hakutoka siku ya tatu, wala ya tisa. Polisi walikuja na daftari, wakaandika kwamba alikwenda kuogelea. Lakini asubuhi ile ya kwanza, Jumapili, watu waliokwenda misa walikuta kafi namba sita limesimikwa mahali pake, katikati ya mchanga wa plage, upana juu, rangi ya njano bado inang'aa. Pembeni hakukuwa na alama ya mguu. Nyirabagenzi aliyarudisha yale matano mwenyewe, moja moja, akiyaomba msamaha kwa sauti ya kugomba. Akaondoka akiamini kwamba deni la ziwa na la watu limekwisha.

Jioni hiyo alipika. Solange alikuwa amekaa mezani nyuma yake, viganja vimefungwa vitambaa, hajasema neno tangu jana. Maji ya bugali yakaanza kuchemka. Nyirabagenzi alishika sahani ya unga akawaza jambo ambalo lingekuja mapema zaidi kama hasira ingemwachia nafasi.

Kafi limesimama kwenye udongo. Aliliona mwenyewe, alilisukuma, ni imara.

Na jana usiku, na leo alfajiri, na sasa hivi, kwa mbali, ziwa bado linapigwa.

Basi kule majini anapiga na nini?

Nyuma yake, kwenye mbao za meza, kitambaa kikakwaruza. Polepole. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Hakugeuka. Alisimama akitazama mvuke, na hasira ikapanda tena, ya zamani, ileile, ikamkuta mume wake mahali alipo.

"Nilisema unirudishie mutoto," alimwambia. "Muzima. Na mikono yake."

Maji yanatokota.

Harufu ya tumbako.

Ko.