Kadi Kwenye Uzio wa Mzee Masoudi

Kila asubuhi, kabla Sabaha hajamaliza kufagia uwanja, vita vilianza. Babu yake, Mzee Sadiki, alitoka nje na mswaki mdomoni, akatazama ng'ambo ya njia ilipo nyumba ya Mzee Masoudi, kisha akapaza sauti.

"Mtani! Bado upo? Jembe la kukuchimbia kaburi nimeshalinoa."

"Litakuchimbia wewe kwanza!" sauti ikajibu kutoka nyuma ya uzio wa mianzi. "Na hao kuku wako wakirudi tena kwenye ufuta wangu, nitawala na manyoya yao!"

Mgeni angedhani watu hawa wanachukiana. Thubutu! Kijiji kizima cha Mandawa hapakuwa na wazee waliopendana kama hao wawili. Koo zao zilikuwa za utani tangu enzi za mababu, na utani una ruhusa zake. Bibi yake Sabaha alipofariki, Mzee Masoudi alifika msibani akajilaza mlangoni, akawazuia watu wasipite mpaka apewe jogoo, na waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka. Baadaye alishika jembe akachimba kaburi, na hakukubali mtu ampokee.

Sabaha alikuwa na miaka kumi na miwili, na ulimi wake haukuwa na mfupa. Utani ule aliupenda sana. Maneno yake aliyajua yote, masharti yake hakuyajua hata moja.

Shuleni, Darasa la Tano walikuwa wakijifunza majina ya Kiingereza ya mahali na majengo ya mjini. Ukutani palikuwa na bango la picha, na kila siku walilisoma kwa pamoja kwa sauti ya kupasua bati: bank, hospital, post office, market. Mwalimu Evarist aliridhika nao mpaka siku alipomwinua mtoto mmoja na kumuuliza, "Haya, bank ni mahali gani?"

"Ni karibu na hospital, Mwalimu," mtoto akajibu bila wasiwasi. "Inaanza bank, halafu inafuata hospital."

Mwalimu akacheka, kisha akaacha kucheka. Wengi wao hawakuwahi kufika hata Ruangwa mjini, sembuse Nachingwea. Walikuwa wamekariri bango.

"Basi," akasema, "kama sisi hatujaenda mjini, mji utakuja huku."

Wakakata maboksi, wakatengeneza kadi za kutundika kijiji kizima. Ijumaa ya wiki iliyofuata, wanafunzi wa shule moja ya Nachingwea mjini wangekuja kutembezwa Mandawa kwa Kiingereza. Baada ya hapo Darasa la Tano nao wangealikwa Nachingwea, wakaone benki kwa macho yao. Goreti, binti wa katekista, alikuwa na mwandiko uliosimama vizuri, hivyo akapewa kazi ya kuandika kadi, na tena ndiye angewaongoza wageni. Sabaha akapewa kamba na kazi ya kutundika.

Kazi ikaja na ubishi. BANK ilikwenda kwenye ghala la korosho, kwa kuwa mali ya kijiji hulala humo ikisubiri mnada. POST OFFICE ikawa kibanda cha Mama Lusiana muuza maandazi, maana kila mzigo unaotumwa kutoka Ruangwa au Nachingwea huachwa kwake. Zahanati ikaandikwa HOSPITAL, na nesi akasema hajawahi kuona mtu anapandishwa cheo upesi namna hiyo. Harithi mwenye duka alipoambiwa sasa yeye ni SUPERMARKET, alifagia baraza yake kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Msikiti na kanisa havikuleta ubishi wowote.

Boksi moja lilibaki tupu mkononi mwa Sabaha. Kwenye bango kulikuwa na neno ambalo kijiji hakikulipatia mahali, nalo ni PRISON, gereza. Sabaha akautazama ule uzio wa mianzi, mrefu kuliko uzio mwingine wowote kijijini. Si mara moja wala mbili alikuwa amemsikia Babu akisema, "Mtani wangu kajifunga mwenyewe!" Basi akaliandika neno lile, akiiga mwandiko wa Goreti herufi kwa herufi ili kadi ifanane na nyingine. Alfajiri, Mzee Masoudi alipokwenda msikitini, akaitundika langoni kwake.

Aliyemtaka aione na acheke ni Babu, lakini Babu alikuwa amekwenda Kiegei kumjulia hali dada yake. Walioiona ni watoto wenzake. Walipita langoni wameziba midomo, wanasukumana.

"Wajukuu zangu," Mzee Masoudi akawauliza aliporudi, "hapa mmeniandika nini?"

"Pazuri, babu!" wakajibu, wakatimua mbio.

Mzee akawaamini. Akaifuta kadi vumbi kwa kiganja, akaikaza kamba iliyokuwa imelegea. Kila aliyepita njiani alimsimamisha amwonyeshe. "Umeona? Na mimi nimo mjini," alisema, na meno yake machache yote yakaonekana.

Sabaha, ndoo kichwani, alimsikia akisema hivyo. Alijua palepale kwamba amekosea. Akajiambia ataitoa kadi giza likiingia. Giza likaingia, hakuitoa.

Jumamosi, Hadija alirudi nyumbani kutoka Ruangwa. Huyo ni mjukuu wa Mzee Masoudi, anasoma sekondari. Alisimama langoni, akasoma, akauliza, "Babu, nani kakutundikia kitu hiki?" Kisha akamwambia maana yake. Mzee akaifungua ile kadi langoni. Akaingia ndani, na siku ile hakutoka tena.

Jumatatu asubuhi aliingia darasani na ile kadi kwapani. Wanafunzi walitarajia makelele, lakini hakupiga kelele.

"Mwalimu, mimi Kiingereza sikijui," alisema. "Nimeambiwa hapa pameandikwa gereza. Naomba kuuliza tu. Nani kawasimulia watoto habari za mwanangu?"

Mwalimu Evarist aliigeuza ile kadi mkononi, uso wake ukabadilika. "Goreti, huu si mwandiko wako?"

"Unafanana na wangu, Mwalimu, lakini sikuandika mimi."

"Sasa nani mwingine anaandika hivi?"

Goreti akaanza kulia. Siku hiyohiyo aliondolewa kwenye kuongoza wageni, na baba yake akaitwa shuleni. Mwenyekiti wa kijiji naye akatoa amri kwamba kadi zote zishushwe kesho yake kabla ya magharibi, na wageni wa Nachingwea waambiwe wasije. Muda wote huo Sabaha alikuwa akitazama kucha zake.

Jioni Babu alirudi kutoka Kiegei, na habari alikuwa ameshazikuta njiani. Ugali aliuacha kama ulivyo.

"Sabaha, ninyi watoto mliambiwa Shehe, mtoto wa Masoudi, kasafiri," alisema. "Hajasafiri. Yuko gerezani Lindi. Aligombea mpaka wa shamba na mwenzake, akamjeruhi kwa panga. Mimi humtania mtani wangu kwa kila kitu, kwa kipara chake, kwa ubahili wake, hata kwa kaburi lake. Kwa hilo la Shehe sijawahi kufungua mdomo. Leo nasikia mtoto wa katekista ndiye..."

"Si Goreti, Babu." Sabaha akamkatiza. "Ni mimi. Sikujua habari za mjomba Shehe. Nilidhani ni utani. Wewe husema kajifunga mwenyewe."

Babu akaisogeza sahani ya ugali pembeni.

"Mimi husema nikiwa nimesimama mbele yake," akasema, "naye ana mdomo wa kunijibu. Wewe umemsema kwa lugha asiyoijua, ukakimbia, ukamwachia mwenzako mzigo. Mimi huo siujui kuwa ni utani. Kesho utaanzia shuleni, halafu tutavuka njia."

Kesho yake Sabaha alisimama mbele ya darasa. Alisema yote, na lile la kuiga mwandiko hakulificha. Mwalimu Evarist alimwomba Goreti radhi palepale, mbele ya wanafunzi wote, jambo ambalo hawakuwahi kuona mwalimu akilifanya. Goreti hakumtazama Sabaha. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa haki yake. Sabaha akapewa adhabu ya kufagia darasa peke yake mpaka shule zifungwe.

Saa ya mapumziko wakaenda kwa Mzee Masoudi, Sabaha na Goreti mbele, Mwalimu na Babu nyuma. Walimkuta uani akigeuza matita ya ufuta yakauke. Sabaha akapiga magoti.

"Shikamoo babu. Naomba unisamehe. Kadi ile niliandika mimi. Habari za mjomba Shehe sikuzijua."

"Ungezijua usingeandika?"

"Nisingeandika, babu."

"Na kama mimi ningekuwa nakijua Kiingereza, ungeandika?"

Sabaha akafikiri. Jibu alilipata upesi, kulitoa ndiko kulikuwa kazi. "Nisingeandika."

"Basi kosa lako ulilijua kabla ya kujua habari za Shehe," Mzee akasema. "Sikiliza, mjukuu wangu. Neno la kumwambia mtu ni lile unaloweza kulisema naye amesimama mbele yako, anakusikia na anakuelewa. Ukiona unatafuta mahali pa kujificha ndipo uliseme, liache, hata kama linachekesha. Na ukishalisema, lipokee liwe lako, usimwachie mwenzako. Umelipokea. Inuka, utachafua sketi."

Babu akakohoa, akasogea. "Mtani, nimeshindwa hata kukutukana asubuhi."

"Nimeona. Siku yangu imeanza vibaya," Mzee akajibu. Kisha macho yake yakachangamka. Akamgeukia Mwalimu. "Hivi huko mjini hakuna mahali wanapofungiwa wanyama, watu wakaenda kuwashangaa?"

"Papo, mzee. Kwa Kiingereza panaitwa zoo."

"Goreti, mama, niandikie hilo neno. Kubwakubwa."

Goreti akaliandika kwenye kipande cha boksi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. Mzee Masoudi akaichukua kadi mwenyewe, akavuka njia mchana kweupe, akaitundika kwenye mlango wa mtani wake. "Sadiki! Njoo usomewe nyumba yako!" Goreti alipomsomea, Babu alicheka mpaka akashika ukuta. Mchana huohuo Mzee akaenda kwa mwenyekiti, akamwomba kadi ziachwe na wageni waje.

Ijumaa wakaja. Goreti aliwaongoza, Kiingereza chake kikitoka polepole lakini kimenyooka. Sabaha alifuata nyuma na kamba, akikaza kadi zilizolegea. Wageni waliona benki yenye harufu ya korosho, wakanunua maandazi posta. Kwenye uzio wa mianzi walikuta kadi mpya imeandikwa HOME, yaani nyumbani. Mzee Masoudi ndiye aliyechagua neno hilo, baada ya kumsumbua Goreti amweleze maneno mengine yote.

Walipofika kwa Babu, mgeni mmoja akaitazama kadi, akamtazama mzee aliyeketi kizingitini, akauliza kwa Kiingereza humo anakaa mnyama gani. Wenzake wakaangua kicheko. Goreti akamgeukia Sabaha, kwa kuwa Babu ni wa kwao.

Jibu la Kiingereza Sabaha alikuwa nalo tayari, tena lenye pilipili. Akalimeza.

"Babu," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika, "mgeni anauliza humu anakaa mnyama gani."

"Mwambie simba," Babu akajibu bila kupepesa. "Kima yuko ng'ambo, nyuma ya uzio."

"Nimesikia!" sauti ikatoka kwenye mianzi. "Ngoja wageni waondoke!"