Dakika Mbili Bila Neno la Siri

Asubuhi ile chumba cha seva kilinuka maziwa yaliyochacha, kama nguo ya mtoto mchanga iliyosahauliwa kwenye beseni.

Chumba hakikuwa na dirisha. Ufunguo alikuwa nao fundi wa kompyuta peke yake, mwanamke ambaye hospitali nzima ilimwita Funguo kwa sababu ndiye aliyewafungulia kompyuta zao kila waliposahau maneno ya siri. Alikunja pua, akaketi mbele ya seva iliyotunza kumbukumbu za wagonjwa, akaandika neno lake.

Neno la siri si sahihi.

Akalirudia herufi moja moja. Si sahihi. Akaangalia kama kitufe cha herufi kubwa kimewashwa, hakikuwashwa. Akaunti haikufungiwa, wala neno halikuisha muda. Na kulikosea hangeweza hata usingizini, maana lilikuwa jina alilomchagulia mwanawe aliyezaliwa bila pumzi miaka minne nyuma. Hakuwahi kulitamka mbele ya mtu yeyote, hata mumewe. Aliliandika tu, kila siku ya kazi, na skrini ikalificha kwa nukta.

Simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto.

"Funguo, dada yangu, huku haingii mtu kwenye mfumo. Nina watoto kumi na mmoja, na sijui nani anadhurika na dawa gani."

"Nipe nusu saa."

"Nusu saa nyingi, mama."

Akafungua faili ambamo seva huandika kila anayejaribu kuingia. Majaribio yalianza alfajiri, mamia kwa mamia, yote kutoka kibodi ileile iliyokuwa mbele yake, chumba kikiwa kimefungwa. Faili haikuonyesha maneno ya siri, ila majina tu ya waliobisha hodi. Hayakuwa ya wafanyakazi. La kwanza lilikuwa jina ambalo bibi yake alimwita akiwa mdogo. Likafuata la utani la darasani. Likafuata lile ambalo mumewe humwita wakiwa wawili tu. Kilichobisha kilikuwa kikimtafuta yeye, kikipita jina hadi jina kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Mistari ya mwisho ilikuwa na herufi moja, kisha mbili, kisha tatu. Zilikuwa herufi za mwanzo za jina la mwanawe.

Akaondoa mikono kwenye kibodi. Lakini simu ililia tena, na tena, naye akafanya wanachofanya mafundi wakibanwa: akabadilisha kanuni ya seva ili impokee yeyote aliyekaa kwenye kompyuta ile bila kumuuliza neno la siri, akaiwasha upya, apate kuingia, aweke neno jipya, kisha afunge kama kawaida. Zilikuwa dakika mbili tu. Na katika dakika hizo, mikono yake ikiwa mapajani ikisubiri seva iamke, vitufe vya kibodi vikaanza kuzama kimoja baada ya kingine, taratibu, kama vinavyobonyezwa na kidole kidogo sana.

Akafunga haraka. Wodi zote zikaingia. Watu wakashukuru kwenye simu.

Kisha muuguzi akapiga tena, safari hii akinong'ona.

"Funguo, kuna jina hapa silijui. Kitanda cha sita, miaka minne. Na mahali pa mama pameandikwa jina lako."

"Kitandani yuko nani?"

"Ni yule binti wa mshona nguo, mwenye homa. Lakini kumbukumbu yake haipo tena. Na hajibu, dada. Mama yake anamwita, anamwita, mtoto anatazama dari tu. Nilipolisoma hili la kwenye skrini, akageuka. Pumzi inamwishia, Funguo. Fanya kitu."

Funguo alimpigia shangazi yake, ambaye watu walimwita kila nyumba ilipoingiliwa na mashetani.

"Shangazi, kitu kimeingia kwa jina la mwanangu."

"Jina lipi? Hukuwahi kutuambia."

"Sikumwambia mtu. Nililiandika tu, kila siku."

"Basi ulikuwa unaita kila siku, na aliyeitwa hayupo. Ameitika mwingine. Hilo ni jini, mwanangu, linatafuta mwili wa kukalia. Lifute jina kwa mkono wako ulioliandika. Na likikuita, usiitike, hata moyo ukikupasuka."

Funguo akaandika amri ya kufuta. Ilibaki kubonyeza kitufe kimoja. Hapo harufu ya maziwa ikamzidi, na nyuma ya kiti chake kukasikika pumzi fupi fupi za mtu aliyetoka kukimbia, zikasogea, zikafika kwenye kiwiko, na kitu chenye joto kikaegemea ubavu wake pale pale ambapo kichwa cha mtoto wa miaka minne kingefika, kikasema, kwa sauti aliyoitamani miaka yote ile na hakuwahi kuisikia, "Mama."

Machozi yalimtiririka. Hakugeuka. Alifikiria mwanamke mwingine, kule juu, anayemwita binti yake asiitikiwe, akabonyeza.

Joto likatoka ubavuni. Harufu ikakatika. Akarudisha kumbukumbu ya binti wa mshona nguo kutoka nakala ya akiba ya jana, kisha akapanda ngazi mbili mbili hadi wodini.

Mtoto alikuwa ameketi. Mshona nguo alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, akimpangusa binti yake jasho kwa pembe ya kanga. Muuguzi alimshika Funguo mkono, akaubana.

"Amerudi, dada," mshona nguo akamwambia. "Ameinuka mwenyewe sasa hivi."

"Mama," mtoto akasema, "mbona umenifuta?"

"Nimekufuta jasho, mwanangu," mshona nguo akajibu kwa furaha, na kumbusu kwenye paji la uso.

Lakini mtoto hakumtazama yeye. Alikuwa amemkazia macho Funguo, na mikono miwili ameinyoosha, anataka kubebwa.