Ilichosoma Seva

Wifi yangu ni fundi wa kompyuta. Haya yalimpata yeye, tena mchana kweupe.

Asubuhi hiyo ofisini palikuwa shwari. Mwenzao mmoja waliyezoea kumwita Kimya alikuwa amezikwa juma lililopita, na mjane wake alikuja kuchukua vitu vyake. Mara bosi akatoka amefura. Wezi walikuwa wameingia kwenye seva, kompyuta kuu inayoendesha tovuti ya kampuni.

"Nani aliandika neno la siri waziwazi ndani ya faili la seva?"

Aliliandika wifi. Kimya alimkanya mara nyingi: "Dada, neno lenyewe lifiche nje ya faili, kwenye mazingira ya mfumo; kwenye faili uache jina la kulitafutia tu. Seva ikiwaka italisoma yenyewe." Wifi akaona uvivu.

Sasa ulimi ukateleza. "Marehemu."

Mjane alikuwa amekumbatia kikombe cha mumewe. Aliinamisha kichwa, akatoka, na wifi akatamani ardhi ipasuke immeze.

Akaketi kurekebisha. Neno jipya akaliweka kwenye mazingira ya mfumo, kwenye faili akaacha jina. Akaiwasha seva. Ikagoma. Akaiamuru imwonyeshe ilichosoma mahali pa neno la siri.

*Dada, kwa nini mimi?*

Akafuta. Akaandika upya. Akawasha.

*Kwa nini mimi?*

Akachomoa waya wa mtandao, asije akawa mtu wa nje anamchezea. Akawasha.

*Mke wangu amesikia.*

"Mbona umeloa jasho?" Bosi alikuwa nyuma yake.

"Ni mimi," wifi akanong'ona, hakugeuka. "Lile neno niliandika mimi. Marehemu alinikataza."

Hakuna aliyegusa kitu. Seva ikawaka.

Wifi akaenda moja kwa moja kwa mjane, uso hana pa kuuficha. Akamkuta anadeki sebule.

"Shemeji, nimekukosea. Mumeo hakuwa na kosa lolote. Nilimsingizia."

"Najua," mjane akasema kwa sauti ya chini. "Amepita sasa hivi kuniambia umeshasema."

Wifi akatazama chini. Sakafu nzima ilikuwa chepechepe. Kando ya kiti tu palikuwa na nyayo mbili za mtu mzima, peku. Kavu.

Mjane akainua ndoo, akazimwagia maji.

Maji yakazizunguka, yakapita kando.