Chini ya Mstari wa Ijumaa

Jumatatu, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Mama Nukta aligundua kwamba spiriti kwenye chupa kubwa ya maabara ilikuwa chini ya mstari.

Yeye ndiye mtunza maabara wa shule. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu hakubali kipimo kisicho na nukta na tarakimu moja mbele yake. Aliajiriwa kufagia, akajifunza kemia kwa vitabu vya kuazima, ukurasa kwa ukurasa. Kila chupa ikitumika, hubandika ukanda wa karatasi ubavuni, huinama hadi macho yalingane na spiriti, kisha huchora mstari na kuandika saa. Mstari wa mwisho ulisema: Ijumaa, saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi, lita 4.0.

Alimimina kidogo kwenye kisosi, akawasha njiti. Moto ulishika shingo upande, ukazima.

"Imetiwa maji," alisema.

Mwalimu Mkuu alifika dakika kumi baadaye. Alikitazama kisosi, akamtazama mzee mfagizi aliyekuwa kwenye sinki akisugua magamba meupe yaliyoachwa na maji ya bomba.

"Ufunguo wa maabara wanao akina nani?"

"Watatu. Mimi, mwalimu wa kemia, na mzee."

"Mzee," alisema Mwalimu Mkuu, "si wewe uliyekuwa mlevi?"

Mwalimu wa kemia, aliyekuwa anapita mlangoni na madaftari, alipunguza mwendo, kisha akaenda darasani. Mzee aliweka brashi chini. "Nilikuwa, mama. Sasa ni mwaka wa saba sijaonja."

"Umekunywa, ukajazia maji. Saa sita nitaandika barua ya kukufukuza, na sababu nitaitaja."

Mama Nukta alijua mzee angepoteza nini. Binti wa mzee alimpokea tena nyumbani kwa sharti moja tu: asirudie pombe. Barua hiyo ingemtoa kazini, na jioni ingemtoa kwa wajukuu zake.

"Nipe mpaka hiyo saa sita, Mwalimu Mkuu," alisema Mama Nukta. "Sijapima bado."

Walipobaki wawili, Mama Nukta alivuta stuli. "Mzee, Ijumaa uliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Mwalimu wa kemia alibaki anasahihisha madaftari."

"Vile vioo Ijumaa uliviosha kwa maji gani? Vina alama nyeupe."

"Ya bomba."

"Si nilikwambia utumie ya mvuke, yale ya kwenye dumu?"

"Maji ni maji, Mama Nukta. Mnayachemsha, mnayapoza, mnayafungia kwenye dumu kama bibi harusi. Mimi bomba linanitosha."

Mama Nukta alicheka bila kutaka, kisha akachota mililita mia za spiriti ile na kuziweka kwenye mizani. Gramu 93.5.

Saa tatu alikwenda kwa mwalimu wa biolojia, ambaye shule nzima ilimjua kwa kuazima na kusahau.

"Ijumaa asubuhi ulichukua nusu lita, ndipo nikachora mstari."

"Ya kuhifadhia vyura wangu. Usinitazame hivyo, safari hii nilisaini."

"Imebaki?"

"Ipo yote. Vyura wenyewe sijawakamata."

Mama Nukta alipima mililita mia za spiriti hiyo. Gramu 81.0. Ujazo ule ule, uzito tofauti. Basi Ijumaa asubuhi spiriti ilikuwa nzima, na mwalimu wa biolojia hana ufunguo. Akamfuta kwenye orodha.

Aliporudi maabara alidondosha tone moja la maji ya bomba kwenye kioo, na kando yake tone la spiriti ya chupa kubwa. Akayapasha joto mpaka yakakauka. Tone la bomba liliacha duara jeupe. La pili halikuacha kitu. Akainama kwenye dumu la maji ya mvuke, kwenye ukanda wake wa karatasi. Lita 2.0 zilikuwa zimepungua.

Akarudi kwenye chupa kubwa, akapima pengo lililo chini ya mstari wa Ijumaa.

Saa sita kasoro dakika kumi walikuwa wote maabara. Mwalimu wa kemia, kijana nadhifu, alisimama karibu na mlango.

"Mzee anasema maji ni maji," alianza Mama Nukta. "Sinki iko hatua moja kutoka kwenye chupa. Angejazia ya bomba, na tone lake lingeacha weupe. Aliyejazia alikwenda mpaka kwenye dumu. Ni mtu ambaye mkono wake umezoea kutochanganya dawa na maji machafu."

"Basi ni wewe au mwalimu," alisema Mwalimu Mkuu.

"Ndiyo. Na mimi nimo kwenye orodha." Alisema kwa sauti ile ile ya chini. "Sasa tazama chupa. Ukiacha nilizochota mimi kupimia, imepungua karibu mililita mia moja na thelathini. Mwizi alikuwa na maji mkononi na mstari mbele ya macho. Kwa nini hakujaza mpaka hapo?"

Aligonga mstari wa Ijumaa kwa kidole.

"Kwa sababu hakuutazama. Alitoa lita mbili kwa silinda ya kupimia, akarudisha lita mbili kwa silinda hiyo hiyo. Aliiamini hesabu." Akamgeukia mwalimu wa kemia. "Mwanangu, mililita hamsini za maji na hamsini za spiriti ni ngapi?"

"Mia," alijibu kijana. "Hilo swali la kidato cha kwanza."

Mama Nukta alipima maji hamsini, akapima spiriti ya vyura hamsini, akavimimina pamoja kwenye silinda, akakoroga. Akamwita Mwalimu Mkuu ainame, macho yalingane.

"Tisini na sita na kitu," alisoma Mwalimu Mkuu. "Umemwaga?"

"Pima uzito. Hakuna gramu iliyopotea. Uzito hujumlishwa, ila ujazo si kila mara. Chembe za maji na za spiriti hubanana, zikakaa mahali padogo zaidi. Niliona hivi miaka kumi na tisa iliyopita, nikaandika kwenye daftari langu. Ningeiba mimi, ningejaza mpaka mstarini."

Kijana alikuwa bado anaitazama silinda.

"Ilikuwa ya marashi," alisema mwishowe. "Harusi ya dada yangu. Nilijigamba kwa wakwe kwamba nitatengeneza marashi ya wageni wote mimi mwenyewe, mwanakemia wa familia. Spiriti niliyoagiza haikufika. Ningeirudisha mwezi ujao."

"Na mzee?" aliuliza Mama Nukta. "Saa moja na nusu ulipita hapo mlangoni ukasikia anaitwa mlevi. Ukaenda darasani."

Kijana aliinamisha kichwa. "Niliona aibu."

"Aibu yako ukambebesha yeye."

Mwalimu Mkuu alimwambia kijana amsubiri ofisini. Kisha akamkabili mzee. "Nimekukosea. Niseme nini?"

"Usiseme, mama. Andika. Barua ulikuwa tayari kuiandika."

Mwalimu Mkuu akaandika palepale, kwenye meza ya maabara, kwamba mzee hakuiba wala hakunywa, akatia saini. Mama Nukta aliisoma akairudisha. "Haina saa," alisema. Mwalimu Mkuu akaongeza: saa sita na dakika kumi na mbili.

Mzee aliikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati na kumpigia simu binti yake. Alisimama wima kando ya chupa kubwa, mkono kifuani.

"Mwanangu, leo nimepimwa," alisema. "Nimekutwa kwenye mstari."