Kamba ya Mafundo Ishirini

Mashine ya mashua ilikohoa mara mbili, ikanyamaza katikati ya mlango wa mwamba, pengo la kutokea bahari kuu. Siraji alivuta kamba ya kuwashia mpaka kiganja kikachanika. Petroli ilikuwa imeingia maji. Mkewe, Kadijah, alikuwa ameshatupa nanga, nayo ilikuwa imeshika.

"Toa nanga, Mama Asiya," Siraji alisema. "Maji inatembea. Itatupeleka kwa watu."

Alikuwa ametengeneza mashine za mashua kwenye Nile, upande wa Rhino Camp, kwa miaka kumi na miwili. Kule mashine ikifa, unaacha mto ukubebe; huko chini hapakosi kijiji. Kadijah alikuwa mwalimu wa sayansi kutoka Koboko. Alikuja pwani kwa miezi mitatu kuhesabu matumbawe yaliyopaushwa na joto, na mumewe akaja kuendesha mashua. Kadijah aliivuta nanga.

Nusu saa baadaye walikuwa nje ya mwamba. Mvua ikashuka, ikakifuta kisiwa walikotoka. Jua halikuonekana. Walikuwa na nusu chupa ya maji ya kunywa na kasia moja.

Kadijah alivua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga mume wake kiganja.

"Kijiji iko wapi, Baba Asiya?"

Siraji alitazama maji. "Mto inaenda upande moja tu."

"Hii si mto. Sasa inatoka. Saa tisa itarudi."

"Maji gani inarudi?"

"Hii."

Siraji alimtazama kama anayemtazama mgonjwa wa homa. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Lakini nikaamini miaka yako kuliko daftari yangu." Akakaza fundo taratibu asimwumize. "Sasa tutafute mwamba kabla ya saa tisa. Maji ikirudi na sisi tuko mbali, itatupitisha pembeni."

Alichukua kamba ya kupimia, yenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni na fundo kila mita. Mafundo yote ishirini yalizama, kamba ikabaki wima, haijagusa kitu. Alivaa miwani ya kuzamia, akainamisha uso majini huku Siraji amemshika mkanda.

"Unaona nini?"

"Sinia. Nyingi kama za arusi."

Chini kabisa, katika bluu nzito, matumbawe yalikuwa yametandaza mabapa mapana. Huko mwanga ni mchache, kwa hiyo yanajilaza ili yaupokee wote. Karibu na juu hayana haja hiyo, yanaota matawi. Katikati yapo ya duara, magumu kama mawe.

"Tuko juu ya mteremko wa nje," alisema. "Piga kasia. Nikiona mawe, tunaenda vizuri."

Siraji alipiga kasia kwa mkono mzima, ule mwingine ukiongoza tu. Baada ya muda Kadijah aliinua uso. "Sinia zimepotea. Iko bluu tupu. Geuza."

Siraji aligeuza mashua. Kila walipoyapoteza mabapa walisimama, wakayatafuta tena. Walikunywa kwa kifuniko cha chupa, mmoja baada ya mwingine, na kila mara Siraji alijifanya amekunywa.

"Meza," Kadijah alisema. "Nakuona."

Kisha kamba ikagusa: mafundo kumi na nane. Kumi na manne. Kwenye kumi, mawe ya duara yalitokea, rangi yao imefifia. Mbele, ndani ya mvua, mawimbi yalikuwa yakivunjika.

"Tupa nanga hapa. Tukiendelea itatuvunja."

Waliketi wakitetemeka, migongo imeegemeana. Siraji aliomba miwani. Kwa mbali aliona matawi ya juu, meupe kama mifupa.

"Hizi zimekufa?"

"Si zote. Ndani yao kulikuwa na vijimea vya kuwalisha. Joto imevifukuza. Ziko na njaa."

"Na sinia za chini?"

"Chini joto haikufika sana. Lakini si kila tumbawe inaweza kuishi chini. Ile ya matawi nyumbani kwake ni juu."

"Sasa itafanya nini?"

"Itangoja. Maji ikipoa mapema, ingine itapona."

Siraji alimrudishia miwani. Omo, pua ya mashua, ilikuwa imeelekea mawimbi, kule maji yalikotoka, tangu watie nanga. Sasa ilianza kusogea, polepole, mpaka ikaelekea bahari. Aliweka mkono majini, akauacha humo.

"Inarudi," alisema kwa sauti ndogo.

Mvua ilikuwa imepungua. Kushoto, pengo lisilo na povu lilionekana. Wakang'oa nanga, Siraji akapiga kasia kuelekea pengo, na maji yaleyale yaliyowatoa yakawaingiza. Ndani, wanawake wawili waliotoka kuwinda pweza walisimama maji yakiwafika kiunoni. Mmoja akaishika kamba ya mashua.

Mwaka uliofuata picha ya mwamba ule ilifika kutoka pwani kwenye simu ya Kadijah, Koboko. Matawi mengi yalikuwa yamekufa, yamefunikwa na mwani. Pembeni, machache yalikuwa hai, ya kahawia tena, na kijitawi kimoja kipya, sawa na kidole gumba.

Siraji alirudi Rhino Camp na kamba ya mafundo ishirini. Mashine ikizimika, wenzake wanaacha mto uwabebe. Yeye anatupa nanga.

"Baba Asiya, unaogopa Nile?" wanamcheka.

"Ngojeni," anasema, akishusha risasi. "Kwanza niulize chini."